Daftari la Mbonea

"Kipindi kina marudio, mtu hana." Mmenisikia nikilisema neno hilo mkacheka, sasa mnataka asili yake. Haya, zimeni hizo simu kwanza. Methali hii ilianza hivi, tena humu humu nyumbani, na babu yenu Mbonea.

Babu yenu alipenda redio kupita kiasi. Nikimwambia, ananijibu natia chumvi, yeye husikiliza taarifa ya habari tu. Nikampa daftari aandike kila anachosikiliza, ajionee mwenyewe. Kosa langu hilo. Badala ya kuona haya, akalipenda daftari. Akapiga mistari kwa rula, akaandika saa, jina la kipindi, hata siku ya marudio. Wageni wakija, anawaonyesha.

Wakati huo mama yake, Bibi Nanzia, alikuwa mgonjwa wa kitandani. Mumewe alifia kwenye mashamba ya mkonge akazikwa huko, na aliyelijua kaburi alibaki yeye tu. Ukoo ulikuwa ukingoja udongo wa kaburi lile uletwe nyumbani. Na kwao, mahali alipolala baba huambiwa mwana wa kwanza peke yake.

Alasiri moja akaniita, pumzi zinamkatika, akataka Mbonea aitwe. Nikamfuata barazani. Tamthilia ilikuwa imeanza.

"Baba Sekiete, mama anakuita. Hali yake si nzuri."

"Mwambie naja. Kipindi kikiisha."

Nikarudi, nikamsihi mama aniambie mimi. Akakataa. "Wewe ni mke, mwanangu. Huambiwi." Nikaenda mara ya pili, babu yenu akainua mkono tu, ninyamaze. Hata leo hasira hunipanda nikikumbuka. Niliporudi chumbani, mama alikuwa ameshakata roho.

Kwenye matanga wazee wakamwuliza kaburi liko wapi. Akainamisha kichwa. Baba yake mdogo akalichukua daftari, akasoma mstari wa siku ile kwa sauti: "Saa kumi, tamthilia. Marudio Jumapili, saa nane."

Hakuna aliyemtukana. Wakasimama mmoja mmoja, wakaenda zao.

Babu yenu alikwenda mkongeni mara tisa, akiuliza kila mzee aliyemkuta. Udongo hakuleta. Kila aliporudi nilimwekea chakula, naye hakuwa na la kunieleza ila lile lile, mpaka majirani wakalishika, mpaka likawafikia ninyi: kipindi kina marudio, mtu hana.