Kindi na Wakubwa wa Bweni

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na chuo kikuu chao, na mkuu wa chuo alikuwa Simba. Mwanafunzi mmoja, Kanga, aliishi bwenini na vifaranga wake. Jirani yake alikuwa Kindi, mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu na wa maneno.

Masika yalipoanza, paa likatoboka. Ndo! Ndo! Ndo! Vifaranga wakalowa, wakaanza kukohoa.

Kanga akamkimbilia Pongo, mwangalizi wa bweni.

"Nyasi za kuezekea ninazo, dada," Pongo akasema kwa huzuni, "lakini siruhusiwi kupanda juu mpaka mkubwa wangu Nyati akubali."

Nyati akasema, "Mwone Kiboko."

Kiboko akapiga mwayo. "Aaah! Hilo la Kifaru."

Kifaru naye akafoka, "Umepitia kwa Nyati?"

Kanga akarudi analia.

"Nyamaza, shoga yangu," Kindi akamwambia. "Paa litaezekwa leo hii."

Akaenda kwa Simba, akamwomba aje asimame nyuma ya mlango wa bweni, asikilize tu. Kisha huyoo, mbio kwa wakubwa watatu.

"Jamani! Simba amekasirika! Anamtaka msimamizi wa bweni sasa hivi!"

Wakaja wanahema, hah, hah, hah.

"Haya, msimamizi ni nani?" Kindi akauliza.

"Si mimi!" Nyati akaruka. "Mimi napokea maombi tu."

"Wala mimi! Nayapitisha tu," akasema Kiboko, jasho likimtoka.

"Haki ya Mungu, mimi nagonga mhuri tu!" akalia Kifaru.

Pongo akajitokeza. "Ni mimi. Kama kuna adhabu, nipeni mimi."

Mlango ukafunguka, kwaa! Simba akatoka.

"Nimesikia. Nyinyi watatu mmesema wenyewe kwamba bweni si lenu. Tangu leo msimamizi ni Pongo, na akiwa na jambo aje kwangu moja kwa moja. Nyinyi mshikieni ngazi!"

Wangefanyaje? Wakashika. Jua halijazama, paa likawa zima.

Kanga akamkumbatia Kindi. Akamshukuru Pongo, akamshukuru Simba. Kisha akawageukia wale watatu. "Na nyinyi ahsanteni. Bila ngazi kushikwa, kaka Pongo angeanguka."

Kifaru akaona haya, akainamisha pembe yake. Ndani, vifaranga walikuwa wamelala pakavu, kifua kimetulia.

Basi, wanangu, anayependa kuitwa mkubwa awe tayari pia kujibu anapoulizwa.