Mkeka Juu ya Mtaro

Mkeka haufuniki uvundo. Usinune, Haruni, nimesema hivyo kwa sababu umetoka mpirani, hukuoga, ukajimwagia marashi ya dada yako. Mnauliza ilitoka wapi? Methali hii ilianza hivi. Kaeni niwasimulie, ila wewe Haruni kaa dirishani.

Shangazi yenu Chiku, binti yangu, alipokuwa sekondari, mwalimu wao, Mwalimu Ndimbo, alikuwa na kamera moja ya mkanda. Aliwaazima wanafunzi kwa zamu, kila mmoja akapige picha moja ya kero ya mtaani kwao, kisha darasa lizijadili mbele ya wazazi na diwani. Chiku alichagua mtaro wa nyuma ya nyumba yetu. Ulikuwa umeziba, na kila masika maji yake machafu yaliingia chumbani, tukalala juu ya meza. Niliyachoka maisha yale hadi kulia.

Sasa, Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Lugome, alikwisha kumwambia diwani kwamba mtaro umezibuliwa. Aliposikia habari ya kamera akaja mbio na koti lake la harusi. Siku hizo picha ilikuwa jambo la kuoga na kuazima saa ya jirani. Hakuna aliyepigwa ovyo. Akaamuru mbao zilazwe juu ya mtaro, juu yake mkeka mpya, kiti chake na maua ya plastiki. Majirani wakajipanga nyuma yake kwa vitenge vya sikukuu.

“Shikamoo, Mwenyekiti,” Chiku akasema. “Mwalimu ametaka picha ya mtaro.”

“Marahaba, mwanangu. Mtaro si huu hapa chini? Wewe piga.”

Mtoto aliyefunzwa adabu atamkataliaje mzee? Upepo ukavuma, Chiku akapiga, kisha akaja kunililia jikoni. Picha ilikuwa hiyo moja tu, na masika yalikuwa yanabisha hodi.

Siku ya mkutano picha zikabandikwa ubaoni. Katika ya Chiku, mtaro haukuonekana kabisa. Ulionekana mkeka safi, maua, koti la harusi, na watu wote, kuanzia Mwenyekiti hadi mtoto aliyebebwa mgongoni, wameziba pua.

Diwani akaisogelea. “Mwenyekiti, mbona mmeshika pua?”

“Ndilo pozi la siku hizi, mheshimiwa.”

“Hata huyu wa mgongoni?”

Mzee Lugome akaitazama picha. “Huyo ni mjukuu wangu,” akasema polepole. “Bado hajui mambo ya pozi.”

“Basi huyo ndiye shahidi,” diwani akasema.

Darasa zima likavunjika mbavu. Bi Mwanjaa, jirani yetu, akajifuta machozi ya kicheko akasema maneno yale mliyoyasikia. Mtaro ukazibuliwa wiki ileile, Mzee Lugome akitangulia na koleo, na masika yale nililala kitandani nikisikiliza mvua kwa raha.

Haya, Haruni, ndoo iko uani, maji nimeshakutekea. Mkeka haufuniki uvundo.