Fisi Aitikia Marahaba

— Nimebeba ngano, nipokeeni.
— Iteremshe, tukae nayo!
— Ni ya mnyama mkubwa.
— Na mdogo yuko wapi?
— Yumo humo humo, anachechemea.

Mbuga moja ilikuwa na ghala. Mwenye nguvu alilima, akalijaza. Aliyeota mvi alikabidhi kazi yake, akakaa kivulini, akaletewa uji. Funguo alishika Fisi.

Miaka ikaenda. Wazee wakawa wengi, watoto wakazaliwa wachache. Bi Kalunguyeye, magoti yalipomkataa, akaenda ghalani na bakuli.

"Mwanangu Fisi, nimeota mvi. Nipe uji nipumzike."

"Uji hautoshi," Fisi akasema, mdomo umejaa mahindi. Kacha, kacha. "Vijana ni wachache. Kuanzia leo, mzee ni asiye na meno. Rudi shamba."

Akarudi, akalima, meno yakang'oka. Akaenda tena.

"Nimebaki na fizi, baba."

"Uji hautoshi." Kacha, kacha. "Kuanzia leo, mzee ni yule anayeamkiwa na wote. Mimi nimewahi kukuamkia? Rudi shamba."

Bi Kalunguyeye akatabasamu kwa fizi. "Sheria nzuri hiyo. Itangaze barazani, wote waisikie."

Fisi akaitangaza. Alipomaliza, Bi Kalunguyeye akasogea mbele, akainama.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

Fisi akavimba kifua. "Marahaba."

"Shikamoo," akasema Nyati.

"Marahaba."

"Shikamoo," akasema Ngiri.

"Marahaba." Fisi akacheka, kwi kwi kwi. Mbuga nzima ikapita, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, mpaka sauti ikamkauka.

"Kuna aliyebaki?" akauliza.

"Hakuna, Mzee," akasema Bi Kalunguyeye. "Umeamkiwa na wote. Sasa kabidhi."

"Nikabidhi nini?"

"Funguo. Mzee hashiki kazi."

"Jamani, mimi bado kijana."

"Kijana gani anaitikia shikamoo ya Nyati?"

Nyati akainamisha pembe. Fisi akazitazama zile pembe, akazitundika funguo. Cheng'e.

Siku hiyo hiyo sheria ya mvi ikarudishwa. Funguo akapewa Swala, kwa msimu mmoja tu, kisha apewe mnyama mwingine. Bi Kalunguyeye akakaa kivulini, na Fisi pembeni yake.

"Uji mwepesi huu," Fisi akanung'unika.

"Kunywa polepole, Mzee. Meno yako mazima, utakuwa nasi miaka mingi."

Ngano imekauka mdomoni. Anayetaka zaidi akamuulize Fisi. Funzo lake, watoto: waamkieni wakubwa kwa bidii. Hasa waliokalia funguo muda mrefu.