Picha Ilipoganda

Siku ya Jumapili, tarehe 14 Julai 2019, saa tisa alasiri, Ezekia Lutangilo Mlowe aliketi sebuleni kwake Njombe, amevaa koti la ibada na tai, akingoja uso wa binti yake utokee kwenye kishikwambi. Wapendwa, hebu tuketi naye kidogo. Nje ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa misindano ukafunika mashamba ya chai, hata nyumba ikawa kama inaelea, haina jirani wala barabara. Ndani, jiko la mkaa lilipumua taratibu, na juu ya kabati kisanduku cha intaneti kilifumba na kufumbua taa zake mithili ya mtu anayepigana na usingizi.

Kisanduku hicho kilifungwa Jumatatu, tarehe 3 Juni, na tangu siku hiyo mzee hakuonja raha. Taa ikiwa ya kijani wakati wa chai, wakati wa chakula ilikuwa nyekundu. Alikihamisha kutoka dirishani hadi juu ya mlango, kutoka juu ya mlango hadi kabatini, akikigeuza huku na huku kwa upole, mpaka mkewe akamwambia kwamba yeye mwenyewe hajabembelezwa hivyo tangu aolewe. Kila alipopiga simu huduma kwa wateja, binti mwenye sauti laini alimshauri azime, asubiri kidogo, kisha awashe.

“Binti yangu,” alimjibu siku moja, “sikustaafu ili niwe swichi.”

Mtaniuliza: kwa nini hakukirudisha? Kwa sababu ya Edina. Edina, mwanawe wa pekee, aliishi Uholanzi, na kesho yake alikuwa apasuliwe ili ajifungue mtoto wa kwanza. Madaktari walikuwa na wasiwasi. Alikuwa ameomba jambo moja tu, kwamba kabla hajaingia hospitalini asikie neno la baraka kutoka kinywani mwa baba yake, naye amwone anapolitamka. Tangu tarehe 9 Agosti 2014, siku alipofunga ndoa hukohuko na baba akakataa kutuma hata salamu, wawili hao hawakuwa wamezungumza zaidi ya kujuliana hali.

Basi mzee alikuwa ametunga hotuba. Ilianza, “Mimi, baba yako mzazi, kwa heshima na taadhima,” na ikaendelea kwa ufasaha mkubwa. Aliifanyia mazoezi zizini, mbele ya ng’ombe, na hakukosea hata neno.

Uso ukatokea. Edina alikuwa amenenepa mashavu, kitambaa cheupe kichwani.

“Kamwene, baba.”

“Kamwene, mwanangu,” aliitikia, akakohoa, akajiweka sawa. Akasema, “Mimi, baba yako mzazi,” na hapo picha ikaganda.

Mnaijua hali hiyo. Macho ya Edina yalibaki nusu wazi, midomo imeachana kidogo, kama mtu aliyeitwa na sauti ya mbali. Mzee aliuliza kama anamsikia. Kimya. Mkewe alikwenda jikoni kuchochea moto, akilaani kampuni ile kwa sauti ya chini. Ukungu uliegemea kioo cha dirisha. Mzee akabaki na uso ule usiotikisika, na kadiri alivyoutazama, ndivyo alivyomwona mtoto wa miaka minne aliyekuwa akisinzia begani mwake wakitoka kanisani. Hotuba ikamtoka kichwani. Akaanza kunong’ona, kama anavyonong’ona mtu mbele ya picha ya ukutani.

“Mume wako hakuwa na kosa lolote. Ulipanga mambo yote mwenyewe, nikajiona sina kazi tena duniani. Ilikuwa kiburi, mwanangu. Na kesho ninaogopa. Ninaogopa sana. Mungu akushike, maana mimi sifiki huko.”

Akajifuta uso kwa tai. Kisha akainuka akanyoosha mkono kabatini, azime na kuwasha kama alivyofundishwa.

“Baba, usizime.”

Sauti ilitoka kwenye picha ileile iliyoganda. Mzee alisimama mkono ukiwa hewani, aibu ikampanda hadi masikioni. Alipopata pumzi alisema kwamba alikuwa bado hajaanza, kwamba yapo maneno rasmi aliyomwandalia.

“Hayo baki nayo, baba,” Edina alisema, na sauti yake ilikuwa na machozi. “Haya nimeshayachukua. Naingia nayo kesho.”

Wapendwa, na sisi je? Tunapokuja hapa tumevaa koti na tai, si tunamwambia Mungu yale tuliyoyafanyia mazoezi? Tunamsifu kwa ufasaha, wala hatukosei neno. Kisha siku moja mbingu inaganda. Tunaita, hatuitikiwi. Tunadhani hakuna anayesikia, ndipo linatutoka neno moja la kweli: ninaogopa, nilikuwa na kiburi. Tunaona aibu kuliita sala. Je, unadhani ni lipi kati ya maneno yako lililofika?

Nimesikia kwamba mwinjilisti wetu, katika ibada ya Jumatano tarehe 21 Agosti, alisimulia habari hii akasema mtandao ulikatika, mzee akaomba, na Mungu akaurudisha kwa muujiza. Namheshimu mwinjilisti, lakini sivyo ilivyokuwa. Kilichoganda ni picha tu. Sauti ilikuwa ikipita muda wote. Edina mwenyewe alimweleza mama yake kwamba aliposikia anaulizwa alifungua kinywa aitike, lakini alipoona jinsi baba anavyomtazama akasita, kisha akasikia ameanza kunong’ona. Kwa hiyo ule ukimya haukuwa wa mtandao. Ulikuwa wa Edina, aliyenyamaza ili baba yake amalize.