Muuza Nyama na Mtoto Njiti

Wapendwa, kulikuwa na muuza nyama mmoja, jitu la miraba minne, sauti yake ukiisikia buchani unadhani anagombana kumbe anakukaribisha. Mke wake akajifungua mimba ikiwa na miezi saba. Mtoto njiti. Yule bwana alipooneshwa mwanawe akasema palepale, "Sista, huyu ni kilo moja na robo." Nesi akacheka, akampima. Kilo moja na robo! Jamaa hakucheka. Kwa mara ya kwanza maishani aliogopa uzito anaoujua.

Mama alikuwa bado hoi wodini kwa presha. Nesi akamgeukia baba. "Vua shati."

"Mimi, sista?"

"Kwani una kifua au huna? Mtoto huyu hawezi kujipasha joto. Dawa yake ni ngozi ya mzazi."

Nyie akina baba mnaoinamisha vichwa hapo nyuma, mngevua? Yeye alivua. Akafungwa mtoto kifuani kwa khanga ya mkewe, akakaa kwenye kiti hata kukohoa anaogopa. Wenzake wa buchani wakaja kumtazama: "Mzee, hongera, umejifungua salama?" Akawajibu kwa kunong'ona, "Tokeni, mtamwamsha." Alikuwa mwenye raha kuliko alivyotaka ijulikane. Mke alipopata nafuu wakawa wanapokezana, lakini zamu ya baba ilikuwa haiishi mpaka afukuzwe.

Wiki ya sita mambo yakaharibika. Akimfunga tu, mtoto anarusha miguu. Anachomoa mkono, anamsukuma kifua, analia mpaka anakuwa mwekundu. Baba akakaza khanga. Mtoto akazidisha kelele. Basi jitu zima likatoka mbio kwenye korido, halina shati, mtoto yuko kifuani, jasho linamtiririka.

"Sista! Mwanangu ananikataa! Nimemkosea nini?"

Nesi akamtazama mtoto, akamtazama baba, akapiga kigelegele. Manesi wengine wakaja, na akina mama wa wodi nzima wakaitikia. Muuza nyama kasimama katikati haelewi kitu.

"Baba, hii ndiyo siku tuliyokuwa tunaiombea," nesi akamwambia. "Mtoto akianza kukataa kifua, ujue sasa anaweza kujipasha joto mwenyewe. Hujakosea kitu. Umemaliza kazi. Fungua hiyo khanga."

Akaifungua. Na alilia, wapendwa, alilia kwa sauti yake ileile ya buchani.

Sasa tuje kwetu sisi. Tumebeba watu vifuani, na tumefanya vizuri, Mungu anajua. Lakini wakianza kurusha miguu tunafanyaje? Binti tuliyemlea kaolewa, ana jiko lake, sisi tunampigia simu mara sita kwa siku kumuuliza ameweka chumvi kiasi gani. Kijana tuliyemfundisha kuimba ametunga wimbo wake, tunasema siku hizi ana kiburi. Tunakaza khanga! Tena tunaita upendo. Hivi tuliwabeba ili wapone, au ili tuendelee kuwabeba?

Msidhani nawasema ninyi tu. Kuna mtu humu ndani alikuja kwangu hajui hata kufungua Biblia. Nikakaa naye, nikamwombea, nikamfundisha, leo ni mzee wa kanisa. Wiki iliyopita kwenye kikao alisimama akanipinga mbele ya wote. Mimi mchungaji wenu nilirudi nyumbani nikanuna siku tatu, mke wangu ni shahidi. Siku ya nne nikayasoma maneno yake kwenye kumbukumbu za kikao.

Mzee wangu, naomba usimame. Kanisa, mpigieni huyu vigelegele: alinipinga, na alikuwa sahihi.