Mtamba kwa Uso wa Bibi Namwai

Hapo zamani, enzi zile mtu akipigwa picha anangoja wiki nzima ndipo ajue kama alifumba macho, kulikuwa na mpiga picha mmoja mwanamke, jina lake Nakijwa. Alikuwa mjane mwenye watoto wadogo, na watoto hao walikunywa chai ya rangi asubuhi, chai ya rangi jioni. Kamera aliachiwa na mumewe. Hakuipenda sana wala hakuichukia. Ilikuwa jembe lake.

Huko juu, kwenye milima ya Upare, aliishi Bibi Namwai, mwenye zizi lililojaa. Bibi huyu alikuwa na jambo moja lililomkera. Mumewe alipofariki, picha pekee iliyopatikana ya kuweka juu ya jeneza ilikuwa ya kitambulisho.

"Mume wangu kazikwa kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu," alikuwa akisema. "Mimi sitaki. Nataka picha yangu iwe tayari ningali hai, niikague mwenyewe. Atakayenipatia uso wangu, yule mtamba mwekundu mwenye mimba ni wake. Mtu mmoja, mtamba mmoja."

Wapiga picha walipanda, wapiga picha walishuka. Kila walipoleta picha, Bibi aliitazama, akairudisha. "Huyu nani? Huyu ana kesi mahakamani."

Nakijwa akasikia habari hizo. Akasema, mtamba yule nitamshusha mimi. Mkanda wake ulikuwa umebakiza picha tatu, na hela ya mkanda mwingine hakuwa nayo. Akapanda hivyo hivyo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ukishindwa leo usirudi. Nimechoka kuvaa kanga ya sandukuni."

Mkamwana wa Bibi, Naetwe, akatundika shuka jeupe ukutani. Bibi akakaa kwenye kigoda. Nakijwa akainama nyuma ya kamera, akasema kama alivyofundishwa na mumewe:

"Bibi, tulia, nahesabu. Moja... mbili..."

Uso wa Bibi ukajifunga kama duka siku ya msiba.

"Hodi wenyewe!"

Akaingia Mzee Kadeghe, shemeji yake Bibi, na fimbo mkononi. Akapita katikati ya kamera na Bibi kana kwamba kamera ni kisiki. Kidole cha Nakijwa kilikuwa kimeshabonyeza. Picha ya kwanza ikawa kisogo cha Mzee Kadeghe.

Na kwa Bibi Namwai mgeni hafukuzwi. Bibi akainuka, wakasalimiana mpaka wakamaliza wazima na wagonjwa wa ukoo wote. Mzee akapewa kigoda na maziwa. Nakijwa akasimama, akameza hasira, akangoja.

Bibi akakaa tena. Nakijwa akainama tena.

"Bibi, tulia, nahesabu. Moja... mbili..."

Uso ukajifunga tena.

"Hodi jamani! Niazimeni chekeche!"

Ni Mama Eliwaza, jirani, na mbuzi wake nyuma. Mbuzi akaliona shuka, akaling'ata pindo, akavuta. Shuka likamwangukia Bibi kichwani. Kidole kikashtuka. Picha ya pili ikawa shuka lenye miguu.

Mzee Kadeghe akacheka mpaka maziwa yakampalia. Alipopata pumzi akasema, "Wewe binti, hata mbuzi asingekuja ungeambulia patupu. Huku kwetu binadamu hahesabiwi, wala ng'ombe. Kuhesabu walio hai ni kumwonyesha kifo pa kuanzia. Unamhesabia mama wa watu usoni, halafu unataka acheke?"

Nakijwa akamgeukia Bibi. "Ndiyo sababu?"

"Wote walihesabu," Bibi akajibu. "Nikadhani ndivyo mashine inavyotaka."

Ikabaki picha moja. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka mlimani. Nakijwa akamshika Naetwe mkono. "Mdogo wangu, funga lango. Asiingie mtu. Hata awe mchungaji."

"Lango langu halijafungwa mchana tangu niolewe!" Bibi akafoka.

"Leo litafungwa, Bibi. Uso wako au wageni wako. Chagua."

Bibi akajiweka sawa kwenye kigoda. Naetwe akafunga, akaliegemea lango na mtoto mgongoni. Wakaja akina mama wa kwaya. Naetwe akawaambia, "Rudini kesho." Wakamwita mchoyo, wakamwita mkamwana mwenye kiburi aliyemfungia mkwewe kama kuku. Akavumilia. Wakaondoka.

Nakijwa hakuhesabu. Akaweka jicho kwenye kamera, kidole mahali pake, akangoja. Uso wa Bibi haukujifunga, lakini haukufunguka. Mguu wa Nakijwa ukafa ganzi. Akangoja. Ukungu ukafika migombani. Akangoja.

Mara lango likagongwa kwa ngumi.

"Namwai! Ndiyo umenifungia kabisa?"

Wote wakaijua sauti. Alikuwa Nakunda, mdogo wake Bibi. Hawakuwa wameketi pamoja tangu mazishi ya mama yao, walipogombania chungu chake kikavunjika vipande mikononi mwao. Naetwe akamtazama Nakijwa. Nakijwa, jicho kwenye kamera, akapunga mkono: usifungue. Akapunga tena, kwa ukali: usithubutu.

Naetwe akafungua.

Nakijwa alitamani kumrushia kitu, lakini jicho hakulitoa kwenye kamera. Nakunda akaingia, akasimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Nimesikia dada unapigwa picha ya jeneza. Nikasema nije nione watalificha wapi hilo pengo."

Bibi Namwai akamtazama mdogo wake. Kwanza macho, kisha mashavu, kisha lile pengo lenyewe likatoka nje bila aibu.

Nakijwa akabonyeza.

Juma lililofuata mkanda ukasafishwa, Nakijwa akaipandisha picha. Bibi akaishika, akaitazama muda mrefu, akasema, "Huyu ni mimi." Akaenda zizini, akarudi anamvuta mtamba mwekundu kwa kamba.

Mzee Kadeghe akatangulia kusimama. "Shemeji, kamba ni yangu. Nisingesema, huyu angekuhesabia mpaka leo."

"Mzee wangu, wewe uliharibu picha ya kwanza kwa kisogo," Nakijwa akamjibu. "Nilisimama mpaka mguu ukafa. Waligonga, walipiga kelele, jicho langu halikuondoka. Uso ulifunguka mara moja tu, na aliyekuwa tayari ni mimi. Nina watoto wasiojua maziwa."

"Tayari kwa uso gani?" Nakunda akacheka. "Ungengoja mpaka uote uyoga. Dada alicheka kwa sababu yangu. Na kuja hapa sikutumwa na mtu. Nilimeza miaka ya kiburi njiani."

Naetwe akasema taratibu, "Mama mdogo, ungekimezea huko huko nje. Mimi nilitukanwa na kwaya nzima kwa kufunga, na nikamkaidi mwenye kamera kwa kufungua. Nilijua nani wa kufungiwa na nani wa kufunguliwa. Ningekosea, lawama ingekuwa ya nani?"

"Na mbuzi wangu je?" Mama Eliwaza akauliza. Wakamwambia anyamaze.

"Mgawane maziwa basi," akasema tena Mama Eliwaza.

"Hapana," akasema Bibi. "Ng'ombe wa watu wanne hufa kwa njaa, kila mmoja akidhani mwenzake amemkatia majani. Nilisema mtu mmoja."

Akawatazama wote wanne, kamba mkononi, mtamba akimlamba kiwiko. Akashindwa. Nami nimeipindua hadithi hii kila upande, huku nikimenya ndizi na nikiosha vyombo, nimeshindwa vilevile. Basi ninyi mliokaa tu mkisikiliza, fanyeni kazi: aliyejua kosa, aliyengoja bila kuchoka, aliyekuja bila kuitwa, na aliyefungua alipokatazwa. Je, kati yao, nani alistahili kukabidhiwa kamba?