Pete ya Asya na Watatu Wasiosemezana

Kaeni. Mwenye diploma akae mbele, nimwone anavyotoka jasho. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, na swali hili limeshawashinda walimu wawili mbele yangu. Waligombana mpaka chai ikapoa, nikainywa mimi.

Walikuwepo vijana watatu wa Wete, Pemba, wote wa miaka kumi na saba. Batuli alikuwa na masikio: ukinong'ona nyumba ya tatu, yeye kashasikia. Shamte alikuwa na macho: sura akiiona mara moja, haimtoki. Kombo alikuwa na mdomo, sauti ya kuamsha mtaa mzima, ila siku inapohitajika huimeza.

Walikuwa marafiki wa kula sahani moja. Kisha simu yenye majibu ya mtihani ikakamatwa kwenye dawati la Shamte. Simu ilikuwa ya Kombo, Kombo akanyamaza. Aliyekwenda kusema kwa mwalimu mkuu ni Batuli. Shamte akafukuzwa shule. Mwaka mzima, wakipishana njiani, wanatema mate.

Likizo ya Julai ikawakutanisha Muscat, Oman, kwenye jua la kukaangia mayai ukutani, tena nyumba moja. Asya, dada yake Batuli, alikuwa anaolewa na Nasri. Nasri ni binamu yake Kombo; alizaliwa Wete, mama yake akafa kwa uzazi, na alipofika miezi mitatu bibi yake akamchukua Muscat. Na Shamte je? Mjomba wake ndiye mpishi wa biriani ya harusi, naye alikuwa akimwoshea mchele.

Ndoa ilikuwa ifungwe Ijumaa, baada ya sala ya alasiri.

Asubuhi ya Ijumaa hiyo, masikio ya Batuli yakafanya kazi yao. Mama yake alikuwa chumbani na mama mkubwa, wanafukiza nguo udi.

"Dada, roho yangu haijatulia," mama alinong'ona. "Asya na Nasri wamenyonya ziwa moja. La mama Shamte. Mimi nilikuwa na homa, maziwa hayakutoka."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili, tatu. Haifiki tano."

"Una hakika?"

"Mama Shamte yuko Wete, na kadi hatukumpelekea. Nani atasema?"

Mnaijua sheria, msijifanye wageni. Walioshiba ziwa moja mara tano ni ndugu, na ndugu hawaoani. Batuli akainuka akaseme. Lakini ushahidi hana, mama atakana, na nani amsadiki yeye, mchongezi anayejulikana mpaka ng'ambo?

Akashuka uani. Shamte alikuwa na mikono ndani ya mchele mpaka viwikoni.

"Umekuja kunishtaki kwa nani leo?" Shamte akamwuliza. "Kwa balozi?"

"Nyamaza, mwosha mchele we. Mama yako aliwahi kumnyonyesha Nasri?"

Shamte akacheka, na kicheko chenyewe kibaya. Kumbe macho yake yalishafanya kazi tangu juzi. Alimwona Nasri akitawadha, na nyuma ya sikio lake ana baka jekundu, umbo la haragwe. Baka lile lile liko kwenye picha ukutani kwao Wete: mama yake kapakata watoto wawili wachanga.

"Ulijua tangu juzi ukanyamaza?"

"Nilitaka nione mnavyoaibika. Nyote."

"Na Asya?"

Hapo Shamte akaacha kucheka. Alipofukuzwa shule, mtaa mzima ulimkwepa. Asya peke yake alikwenda kumjulia hali. Shamte akakausha mikono, akampigia mama yake. Simu haikushikwa mpaka alasiri, ndipo ikaja picha, ikaja na sauti: "Miezi mitatu, wote wawili, kila siku. Huyu kulia, huyu kushoto. Sikusema kwa kuwa sikuulizwa. Hata kadi sikuletewa."

Sasa nani aingie barazani kwa wanaume? Mwanamke hapiti, mwosha mchele atatolewa kwa kushikwa shingo. Aliyekaa nyuma ya bwana harusi ni Kombo. Shamte akaituma ile sauti na picha kwenye simu ya Kombo, ile ile iliyomfukuzisha shule, na chini akaandika: "Nyamaza tena, tukujue."

Sheikh alikuwa keshaushika mkono wa Nasri. Kombo akasoma. Akasimama. Kisha mdomo ukafunguka.

"Sheikh, achia mkono! Hawa ni ndugu!"

Sauti ya mama Shamte ikasikika barazani. Kabla haijaisha, baba yake Kombo akamchapa kofi, jino likaruka. Kombo, kanzu ina damu, akaiwasha tena tangu mwanzo.

Ndoa haikufungwa. Mama yake Batuli akajua ni masikio ya nani, akasema mbele ya watu, "Mimi nina mtoto mmoja tu, Asya." Mjomba wa Shamte alifukuzwa sufuria zikiwa motoni, na mpwa wake pamoja naye. Kombo alifungiwa mlango na baba yake.

Watatu wakajikuta nje ya geti, juani. Akatoka bibi yake Nasri, kamshika mkono Asya.

"Pete hii ya uchumba hairudi kwangu," bibi akasema. "Mjukuu wangu, mpe aliyetuokoa na haramu."

"Bila masikio yangu mngekuwa mnakula biriani!" Batuli akaruka.

"Maneno yako matupu nani angeyasadiki?" Shamte akamjibu. "Ushahidi ni wangu."

"Wa simuni," Kombo akasema kupitia pengo. "Jino limetoka la nani?"

"Lingetoka mwaka jana," Shamte akamwambia, "ningekuwa darasani."

Asya aliitazama pete kwenye kiganja chenye hina mbichi.

"Nilimpenda," alisema. "Asubuhi alikuwa mchumba, sasa ni kaka. Na nyinyi mnagombea shukrani?"

Gari la kumpeleka Asya uwanja wa ndege, arudi Wete, likapiga honi. Kiganja kiko wazi. Watatu wanamtazama yeye, hakuna anayemtazama mwenziwe.

Haya, mwenye diploma, acha kukuna kichwa. Masikio yalimpoteza mama, macho yaliachia kisasi, mdomo uling'oka jino. Je, wewe ungekuwa Asya, na moyo wako umevunjwa na hao hao waliokuokoa, pete ungeitia mkononi mwa nani?